Chora vigeu vya modeli yako ujue kipi kinategemea kipi

Juzi nilikesha na binamu yangu juu ya modeli yake, programu ya kompyuta inayoiga soko la mahindi la Busia: wakulima, madalali, na wanunuzi wanaovusha magunia kwenda Kenya. Wote hao kwenye programu ni mawakala, yaani wahusika wanaojiamulia wenyewe, si wale wa kukutolea pesa kwenye simu. Kila akiiendesha, siku moja, soko moja, madalali wawili wanasoma bei mbili. Nikamwambia, weka chai, tuchore.

1. Sakinisha Graphviz, programu inayogeuza maandishi kuwa mchoro wa mishale.

2. Pitia msimbo, na kwenye faili soko.dot kila kigeu (thamani inayobadilika, kama bei) kiandikie mshale kutoka kinachosababisha kwenda kinachobadilika:

strict digraph {
rankdir=LR
bei -> mahitaji -> mauzo -> stoki
stoki -> bei
}

Neno "strict" linaunganisha mishale inayojirudia. Usichore kwa kipanya, tafadhali. Ukigusa modeli kesho, mchoro wote unauanza upya.

3. Hapa ndipo usiku wetu ulipoishia. Mishale hiyo inafanya duara, na mchoro haukuambii pa kuanzia. Lakini bei ya leo inatokana na stoki iliyobaki jana jioni. Kwa hiyo mshale unaoruka siku uwe wa nukta:

stoki -> bei [style=dotted, constraint=false]

Hiyo "constraint=false" inaiambia Graphviz isiutumie mshale huo kupanga safu. Bila hiyo kila kitu kinajipanga shaghalabaghala.

Sasa angalia mishale isiyo ya nukta peke yake. Ikibaki duara (simple_cycles ya NetworkX, maktaba ya Python, itakutafutia), ama umesahau mshale wa jana, ama vigeu viwili vinasubiriana ndani ya raundi moja. Kwa binamu ilikuwa hiyo ya pili: dalali akiona mahitaji anapandisha bei palepale, na madalali huitwa kwa mpangilio wa nasibu. Wa kwanza anaiona bei ya zamani, wa nne anaiona iliyokwisha kuguswa. Dawa: wote wasome kwanza, kisha wote wabadilishe. Usikimbilie kuufanya mshale huo wa mahitaji kwenda bei uwe wa nukta ili mchoro upendeze. Nilijaribu, tukapoteza saa mbili.

4. Kwenye terminal andika:

dot -Tsvg soko.dot -o soko.svg

SVG, si PNG, maana maandishi hayafifii ukikuza. Fungua kwenye kivinjari.

Alipoiendesha tena, madalali wote walikuwa na bei moja, na chai ilishapoa.