Bibi Akihangaika Jioni, Mpe Mikono Kazi

Mwenye demensia (maradhi yanayodhoofisha kumbukumbu na fikra, hasa uzeeni) mara nyingi huanza kuhangaika jua likikaribia kuzama: anataka "kurudi kwao", anavuta mlango, anafoka. Usisubiri afike huko. Saa kumi jioni, akishakunywa chai, mketishe penye mwanga umpe kazi ambayo mikono yake inaijua. Kwa bibi wa Ujiji aliyezoea kuanika dagaa, weka vikombe viwili vya dagaa wakavu kwenye ungo, achambue. Ungo ukae mapajani, kama alivyozoea. Anza wewe, bila maelezo mengi, atafuatisha. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Akianza kuusukuma ungo, acha.

Kosa kubwa ni kumsahihisha. Akichanganya wazima na wabovu, mshukuru tu. Utachambua upya baadaye. Ukimwambia "siyo hivyo, bibi", maneno atayasahau lakini uchungu utabaki naye jioni nzima.

Anatia kila kitu mdomoni? Dagaa wanaweza kumpalia. Mpe kanga tano akunje.

Akibadilika ghafla ndani ya siku moja au mbili, mpeleke kituo cha afya: huenda ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, au maumivu asiyoweza kuyasema.