Kapasita zizimwe pamoja na mota
Mota ya mashine ya kusaga inayotumia kilowati 30 kwa pawafakta (sehemu ya umeme unaobebwa ambayo hufanya kazi kweli) ya 0.75 huilazimu laini kubeba kVA 40 (jumla ya umeme unaofanya kazi na usiofanya), na mkondo huo wa ziada ndio unaoshusha volteji kwa walio mwisho wa laini. Kapasita (vifaa vya kuhifadhi chaji) za takriban kVAr 17 (kipimo cha umeme usiofanya kazi, ambao kapasita huipa mota badala ya laini) zikifungwa karibu na mota, pawafakta hupanda hadi 0.95 na mzigo hushuka hadi karibu kVA 32. Hata hivyo, ziwashwe na kuzimwa na kontakta (swichi ya umeme) ya mota hiyo hiyo, kwa kuwa zikibaki kwenye laini usiku, mzigo ukiwa mdogo, hupandisha volteji, na lawama hutupiwa transfoma bure. Kabla ya kuzigusa, hakikisha kwa mita kwamba chaji imekwisha.