Kutoka Kenya kurudi Arusha au Moshi bila kukwama mpakani

Matatizo mengi ya kutoka Kenya huanza siku ile uliyoingia. Ofisa wa uhamiaji akigonga muhuri, huonyesha pia siku ulizoruhusiwa kukaa. Kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinamruhusu raia wa nchi mwanachama kupewa pasi ya matembezi ya hadi miezi 6 bila ada, lakini huo ni ukomo wa juu. Unaweza kugongewa muda mfupi zaidi, na kinachohesabika ni kile kilichomo kwenye hati yako, hata kama mwenzako wa kiti cha pili amepewa zaidi. Soma muhuri ukiwa bado dirishani. Kama siku ni chache au tarehe haisomeki, sema hapo hapo. Kisha upige picha ukurasa huo pamoja na ukurasa wa mbele wa pasipoti, ujitumie kwenye barua pepe. Picha hizo mbili zitakuokoa kuliko karatasi nyingine yoyote.

Ukiona siku hazitatosha, omba nyongeza kabla pasi haijaisha. Maombi hupitia huduma za wageni kwenye eCitizen, mfumo wa mtandaoni wa serikali ya Kenya, na makao ya Uhamiaji yako Nyayo House, Nairobi. Ada za serikali ya Kenya hulipwa ndani ya mfumo huo, kwa namba ya malipo 222222. Anayekuambia utume kwenye simu yake binafsi ni kishoka, achana naye. Pasi ikishaisha unahesabika kuwa nchini kinyume cha sheria, na sheria ya uraia na uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 inaruhusu faini ya hadi shilingi za Kenya 500,000, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Kwa hiyo aliyezidisha siku asikimbilie Namanga akitegemea kubembeleza. Aanzie ofisini, ajieleze, arekebishe, ndipo akate tiketi.

Sasa mpakani penyewe. Namanga, kilomita kama 110 kutoka Arusha, na Holili, unakopita ukija Moshi kwa njia ya Voi na Taveta, ni vituo vya huduma kwa pamoja. Taratibu za nchi zote mbili hufanyika kwenye jengo la nchi unayoingia. Ukija kutoka Nairobi hupangi foleni kwenye jengo la upande wa Kenya. Unalipita, unavuka, unashuka kwenye jengo la Tanzania. Humo ndani kuna ofisa wa Kenya anayekutoa na ofisa wa Tanzania anayekupokea, kila mmoja na dirisha lake.

Anza na dirisha la Kenya. Hapa ndipo watu wanapokosea, hasa abiria wa mabasi madogo: dereva anapiga honi, foleni ya Tanzania ni fupi, mtu anajipenyeza huko, anarudi garini. Au anatembea tu hadi stendi ya upande wa pili kwa sababu hakuna aliyemsimamisha. Nyumbani anafika salama, lakini kwenye kumbukumbu za Kenya bado yuko Nairobi. Safari inayofuata mfumo utaonyesha kwamba aliingia na hakutoka, na maelezo atakayotoa hayatakuwa na ushahidi. Njia za panya huleta tatizo hilo hilo, na kubwa zaidi, kwa kuwa hapo hata Tanzania haina rekodi ya kurudi kwako. Kabla hujapanda tena gari, fungua pasipoti uhakikishe kutoka na kuingia vyote vimo. Basi likitishia kuondoka, mwache kondakta apige kelele. Kwenye mipaka isiyo na kituo cha pamoja, utaratibu ni ule wa zamani: unatoka upande wa Kenya kwanza, ndipo uvuke.

Kitambulisho cha NIDA hakitoshi kuvukia. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda hutembeleana kwa vitambulisho, lakini Tanzania haimo kwenye mpango huo; unahitaji pasipoti au Hati ya Dharura ya Safari. Kama ulitoka na hati ya dharura, angalia tarehe yake ya mwisho kabla ya kupanga siku ya kurudi. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano nayo iwe mkononi. Tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha, haina haja ya kurudiwa kila miaka 10, ila huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Aliyechanjwa jana hajakamilisha. Mtoto awe na hati yake mwenyewe, na akisafiri na mzazi mmoja, beba cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi asiyekuwepo.

Mizigo ndiyo inayochelewesha zaidi. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, zinaweza kupita kwa cheti kilichorahisishwa cha uasili wa bidhaa na zisitozwe ushuru wa forodha. Wengi hudhani kila kilichonunuliwa Nairobi kinaingia humo. Televisheni iliyotoka China haigeuki kuwa ya Kenya kwa sababu risiti ni ya Nairobi. Itangaze na uonyeshe risiti, maana kisichotangazwa kikikutwa kwenye begi kinaweza kutaifishwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchi zote mbili, Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, hivyo funga vitu kwenye mifuko ya kitambaa au maboksi. Miche ya parachichi inahitaji kibali cha kuingiza kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoko hapa Arusha, kinachoombwa kabla ya kununua, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa mimea. Bila hivyo miche hukamatwa, hata ikiwa mitano.

Ukipoteza pasipoti ukiwa Kenya, nenda kituo cha polisi cha karibu upate abstrakti, yaani hati ya polisi inayothibitisha umetoa taarifa ya upotevu. Ichukue pamoja na picha ndogo, nakala ya pasipoti, na kitambulisho cha NIDA au cheti cha kuzaliwa, uende Ubalozi wa Tanzania Nairobi au ofisi ya ubalozi mdogo Mombasa, uombe hati ya dharura. Fanya hivyo siku ya kazi, asubuhi. Kikwazo kinakuja mpakani: hati mpya haina muhuri wa kuingia Kenya, na ofisa wa kukutoa atauliza uliingia lini na wapi. Mwonyeshe ile picha ya muhuri, aitafute rekodi yako kwenye mfumo. Pasipoti ikipatikana baadaye, usiisafirie tena. Ukishatoa taarifa kwamba imepotea huenda imefutwa, na ukiitoa dirishani utazuiliwa. Ipeleke Uhamiaji, kisha uombe mpya.