Namna ya Kuruka Maonyesho Yasiyofaa Bila Kuvunja Sheria ya Marekani

Ukiishi Marekani na ukitaka kuwakinga watoto wako dhidi ya matusi au uchi katika filamu, anza na nakala halali, kwa maana sheria ya Family Movie Act ya mwaka 2005 inaruhusu kunyamazisha sauti au kuruka sehemu chache nyumbani, mradi isitengenezwe nakala ya kudumu iliyokatwa. Hapo ndipo kampuni ya CleanFlicks ya Utah ilipokwama: ilisambaza nakala zilizohaririwa, na mwaka 2006 mahakama ya shirikisho ya Colorado iliamua kwamba imekiuka hakimiliki.

Kisha itazame filamu peke yako kwanza, ukiandika dakika na sekunde ya kila sehemu. Tusi moja linyamazishe tu. Onyesho zima liruke, nawe uanze kabla muziki haujabadilika, la sivyo mtoto atauliza kilichofichwa. Waongozaji wanaolalamika kwamba kazi yao inaharibiwa wana hoja nzito. Kwa hiyo, ikiwa ukatili ndio unaobeba kiini cha kisa, kama ilivyo katika filamu nyingi za vita, ni heri uiahirishe filamu yote hadi mtoto akue kuliko kumwonyesha vita visivyo na maumivu.