Kuonja mvinyo bonde la Mosel: panda mlima kwanza, glasi baadaye

Nimevuna zabibu kando ya mto Mosel, Ujerumani, na siku hizi huwatembeza huko ndugu zetu wanaoishi Ulaya. Wengi wakishuka tu kwenye treni hukimbilia glasi. Nawasihi wasubiri: mvinyo wa Mosel huuelewi mpaka uone unakotoka.

Hatua ya 1: Acha gari. Treni ya Koblenz hadi Trier hupita Cochem na Bullay. Bullay kuna tawi la kwenda Traben-Trarbach. Bernkastel-Kues utafika kwa basi. Ukianzia Trier, pita jumba la makumbusho la Rheinisches Landesmuseum utazame jiwe la kaburi la Kirumi, la mwaka 220 hivi, lililochongwa kama jahazi lenye wapiga makasia na mapipa ya mvinyo. Lilipatikana Neumagen, papo hapo mtoni.

Hatua ya 2: Panda. Nenda kijiji cha Bremm, kwenye mlima Calmont, mojawapo ya mashamba ya mizabibu yenye mwinuko mkali kuliko yote Ulaya. Kuna mahali panafika nyuzi 65 hivi. Njia ina ngazi za chuma na kamba za kushikilia, basi vaa viatu visivyoteleza. Siku yangu ya kwanza ya kuvuna mteremkoni magoti yalitetemeka hadi usiku.

Ukiwa juu, inama uguse mawe. Ni bapa, ya kijivu, yanabanduka tabaka tabaka. Wajerumani huyaita Schiefer. Mchana hunywa joto la jua, usiku huliachilia polepole. Riesling, zabibu kuu ya hapa, huchelewa kuiva, na huku kaskazini kwenye baridi isingeiva vizuri bila miteremko inayotazama kusini na mawe haya. Angalia pia jinsi mizabibu mingi ilivyofungwa, kila mmoja kwenye nguzo yake, ili mvunaji apite upande wowote. Kazi ni ya mikono.

Hatua ya 3: Tafuta nyumba ya kuonjea. Ukiona shada la majani au ufagio umetundikwa mlangoni, hiyo ni Straußwirtschaft: mkulima anauza mvinyo wake mwenyewe, kwa muda usiozidi miezi minne kwa mwaka. Kwa nyumba nyingine piga simu mapema, hasa Septemba na Oktoba wakati wa mavuno.

Hatua ya 4: Soma chupa. Hapa ndipo wengi hupotea. Kabinett, Spätlese na Auslese ni maneno ya kueleza zabibu zilikuwa zimeiva kiasi gani zilipochumwa. Hayakuambii kama mvinyo ni mtamu. Neno la kutafuta ni trocken, yaani sukari iliyobaki ni kidogo sana. Halbtrocken na feinherb ziko katikati. Usipoona neno lolote kati ya hayo, tazama asilimia ya kilevi. Ikiwa 12, sukari karibu yote imegeuka kilevi. Ikiwa 8, tarajia utamu.

Hatua ya 5: Onja kwa mpangilio. Anza na trocken, malizia na tamu kabisa. Ukigeuza, ule usio na sukari utakuwa mchungu mdomoni na utamlaumu mkulima bure. Glasi ijazwe kidogo tu, uishike kwenye mguu wake mwembamba. Nusa, izungushe, nusa tena. Kisha piga funda dogo, lisambaze mdomoni, vuta hewa kidogo, teme kwenye chombo ulichowekewa. Najua kwetu kutema mbele ya mwenyeji ni utovu wa adabu, lakini hapa anajua umekuja kuonja, na hatachukia.

Tafuta harufu ya limau, tufaha bichi, pichi. Riesling ya miaka mingi inaweza kunukia kama mafuta ya taa. Usishtuke, haijaharibika, wapenzi wake huitafuta harufu hiyo hiyo. Ukifika kwenye Spätlese tamu, kumbuka juisi ya ukwaju iliyotiwa sukari: uchachu na utamu vinavutana, ndiyo maana haikinaishi. Mimi husimama kwenye glasi ya sita. Zaidi ya hapo ulimi huchoka.

Kabla hujanunua, muulize mkulima ule uliokupendeza umetoka mteremko upi. Mara nyingi atakuonyesha kwa kidole, dirishani.