Kukodi gari Dubai kwa mara ya kwanza, ukitokea Mtwara

Anza na leseni, maana hiyo ikikosekana huwezi kuitengeneza ukishafika. Leseni yetu peke yake haimtoshi mgeni kuendesha Dubai. Iambatane na leseni ya kimataifa, kile kijitabu cha AA Tanzania, chama cha wenye magari, kinachodumu mwaka 1. Kishughulikie siku kadhaa kabla, si asubuhi unayounganisha ndege Dar es Salaam. Na kijitabu bila leseni halisi hakina kazi.

Wengi hukwama kaunta kwa sababu ya kadi, wala si bei ya siku. Kampuni hushikilia amana, mara nyingi dirham 1,000 hadi 2,000 kwa gari dogo, na hutaka kadi ya plastiki yenye jina la dereva mwenyewe. Kadi ya kwenye simu inaweza kulipia oda mtandaoni, kisha ikakataliwa pale pale mezani. Dola 1 ni dirham 3.67, kwa hiyo dirham 1,500 ni kama dola 410. Kwa kadi ya debiti, hela hiyo huwezi kuigusa, na inaweza kukaa wiki kadhaa baada ya kurudisha gari, kwani faini za kamera huchelewa kuingia. Mfanyabiashara asiweke hela ya mzigo kwenye akaunti hiyo hiyo. Kabla hujaondoka, pita tawini Mtwara wakufungulie malipo ya nje na kupandisha kikomo cha siku. Kampuni nayo iulizwe kama inapokea debiti. Zipo zinazotaka krediti tu.

Kwenye bima, swali la msingi ni hili: nikigonga, natoa shilingi ngapi mfukoni kabla bima haijaanza kulipa? Tairi, vioo na uvungu mara nyingi havimo. Jangwa pia. Aliyezoea kuteremsha gari mchangani Msimbati asijaribu huko.

Ukipewa ufunguo, zunguka gari simu ikirekodi: bampa, paa, kioo cha mbele, kisha dashibodi ikionyesha kilomita na geji ya mafuta. Rimu zipige picha moja moja kwa karibu. Mikwaruzo yake ya kugusa ukingo wa barabara ndiyo husahaulika, halafu ikadaiwa. Angalia stepni na jeki. Kila kovu liandikwe kwenye mkataba kabla hujasaini.

Huko wanapita kulia na usukani uko kushoto. Mkono uliozoea IST utatafuta indikata upande wa kulia na kuwasha waipa. Haina madhara, ila inachekesha. Penye hatari ni kipilefti: unaingilia kulia, na unawapisha wanaotokea kushoto kwako. Zunguka kwanza mitaa ya pembeni kabla ya kuingia barabara kuu.

Salik, tozo ya barabara ya Dubai, haina geti la kukusimamisha. Mashine husoma gari likipita, dirham 4 hadi 6 kutegemea saa, na kampuni huikata kwako, wengine wakiongeza ada yao.

Ukikwaruzwa, hata kama aliyekugonga ameshaondoka, ripoti polisi palepale, namba 999 kwa dharura. Gereji haigusi gari bila karatasi ya polisi, na bila karatasi hiyo gharama yote inakuangukia.

Siku ya kukodi ni saa 24 tangu ulipochukua. Ukichelewa kupita muda wa msamaha unalipia siku nyingine. Jaza tangi karibu na unapolirudisha, tunza risiti ya petroli, na usiondoke mpaka mtu wao alikague gari mbele yako na kusaini.