Menyu ya fonti kwa maandishi yenye miandiko zaidi ya mmoja

Kadi ya maulidi ndiyo iliyonitia adabu. Nina steshenari ndogo hapa Ngamiani, Tanga, na usiku naunda programu yangu ya kuandikia, maana wateja wangu hawaji na mwandiko mmoja: kuna Kilatini, Kiarabu, hata Kigujarati. Maalimu mmoja alileta kadi: juu Bismillahi, katikati beti za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, chini mahali na saa kwa Kilatini. Nikateua yote, nikaweka fonti moja niipendayo, nikachapa nakala 200 bila kusoma. Alisogeza moja dirishani, akauliza kwa upole, "Mwanangu, hivi viboksi ndiyo nini?" Kila penye پ, چ na ڤ palikuwa na kiboksi kitupu, maana fonti yangu haikuwa na herufi hizo. Migongo ya kadi zile naipigia hesabu mpaka leo.

Kwa hiyo ukiunda menyu ya fonti, anzia hapa: usimuulize mtu anataka fonti gani kwa waraka mzima. Muulize kwa kila mwandiko. Programu ya ofisi ya LibreOffice hutenga sehemu ya fonti za Kimagharibi, ya Kiasia na ya miandiko changamano. Wazo ni zuri, lakini "changamano" halimwambii maalimu kitu. Andika tu "Kiarabu" au "Kigujarati", na uonyeshe mstari wa mwandiko uliomo kwenye waraka. Asiye na Kigujarati asisumbuliwe nacho.

Programu itaujua mwandiko kwa namba za Unicode, mfumo unaoipa kila herufi namba yake: Kiarabu cha kawaida kipo 0600 hadi 06FF, Kigujarati 0A80 hadi 0AFF. Nafasi, nukta na mabano hutumiwa na wote, basi yafuate herufi iliyotangulia. Ila usichanganye mwandiko na lugha. Mimi nilikuwa nimekifunga Kiswahili kwa Kilatini tu, zile beti zikanicheka.

Sasa orodha yenyewe. Kuuliza kama fonti "ina Kiarabu" hakutoshi. Ipo inayotoka alifu hadi ye salama salimini, ukifika ڤ hamna. Programu ipitie herufi zote zilizomo kwenye waraka, iweke juu fonti zinazozitosheleza, na zilizopungukiwa ziwe chini pamoja na herufi zinazokosekana: "haina ڤ". Na kama lazima kuazima herufi kutoka fonti nyingine, azima kwa neno zima. Herufi za Kiarabu zimeshikana mikono. Ukiingiza moja ya ugenini katikati, neno hukatika hata kama kiboksi hakipo.

Jina la fonti liandikwe kwa herufi za kawaida za menyu, na kando yake sampuli. Sampuli iwe maneno ya mteja mwenyewe, ule mstari aliosimama juu yake. Maalimu hachagui kwa jina Amiri wala Scheherazade. Anatazama beti yake, anasema "hii".

Ukubwa ndio unaosahaulika. Weka Kiarabu na Kilatini vyote kwa ukubwa wa pointi 12 uone: Kiarabu hunywea kama kimeoshwa kwa maji ya moto. Kila mwandiko uwe na asilimia yake ya kukuza. Kwangu Amiri ya 15 hukaa vizuri kando ya Kilatini cha 12, lakini hilo mwachie mtu alirekebishe kwa jicho. Kimo cha mistari kifuate mwandiko mrefu kuliko yote katika aya, la sivyo alama za Kiarabu kama shada ya juu na kasra ya chini hukatwa kichwa na miguu.

Mipangilio hii ihifadhiwe ndani ya faili, si kwenye kompyuta yako. Ukitoa PDF, fonti ziingie humo humo, maana duka la jirani hawana.

Halafu jaribu neno ng'ombe. Kuna fonti ambazo huiweka ile alama mbali na g, ukadhani ni maneno mawili.